Kutunza Reli za Msumeno: Yale Niliyofunzwa na Karakana

Reli ya kuongozea msumeno wa umeme, ile inayolazwa juu ya ubao ili msumeno uteleze juu yake na kukata mstari ulionyooka, huchukuliwa na mafundi wengi kuwa kipande tu cha alumini, kisicho na injini wala waya, na kwa hiyo kisicho na cha kuharibika. Msumeno wenyewe hupewa kasha lake, hufutwa vumbi na kubadilishiwa diski kila inapobidi, ilhali reli huachwa imeegemea ukuta nyuma ya mlango. Baada ya miaka mingi ya kukata plaiwudi na mbao za kabati kwa msumeno wa aina hii, nimefikia kuamini kwamba kati ya vifaa hivyo viwili reli ndiyo inayohitaji uangalizi zaidi. Msumeno ukiharibika hujitangaza kwa mlio, kwa moshi au kwa harufu. Reli iliyopinda hukaa kimya na kuendelea kutoa mikato inayopendeza machoni, mpaka siku mbao mbili zinapokutanishwa na mwanga ukapenya katikati yake.

Kinachopaswa kulindwa si alumini peke yake. Kuna ukanda wa mpira au plastiki ulio ukingoni, ambao hukatwa na msumeno wenyewe mara ya kwanza reli inapotumika na tangu hapo huonyesha hasa mahali diski itakapopita, huku ukibana nyuzi za mbao zisichanike. Upande wa chini kuna tepe mbili za sponji au mpira zinazoizuia reli isiteleze juu ya ubao. Juu kuna mbavu ambayo kitako cha msumeno huikumbatia kinapotelezea, na kwa kawaida kuna tepe nyembamba za plastiki laini za kupunguza msuguano. Chini, tena, upo mfereji unaopokea klampu na vyuma vya kuungia reli mbili. Mwisho zipo ncha zenyewe, ambazo hakuna anayezifikiria hadi zipondeke. Kila sehemu kati ya hizi huharibiwa na jambo tofauti, na hiyo ndiyo sababu ushauri wa jumla wa kuweka reli mahali pakavu na salama haumfikishi fundi mbali.

Nilipoanza kufanya kazi na reli ndefu, hofu niliyoikuta kila mahali ilikuwa ya kupinda kwa uzito wake yenyewe. Niliambiwa kwamba reli ikiegemezwa ukutani kwa mshazari itajikunja polepole na kubaki hivyo. Sikubaliani na hofu hiyo kwa namna inavyosemwa. Alumini ina ukakamavu wa takriban theluthi moja tu ya ule wa chuma cha pua au cha kawaida, kwa hiyo ni kweli kwamba reli ya mita 3 iliyolazwa ubapa na kushikwa kwenye ncha mbili hulegea katikati, tena mtu huliona hilo kwa macho. Lakini kulegea huko hurudi. Katika joto la kawaida la karakana, alumini iliyobeba uzito wake tu haifiki hata karibu na kiwango cha kugeuka umbo moja kwa moja. Reli iliyoegemezwa ukutani haiharibiwi na kuegemea bali na kuanguka, na huanguka kwa sababu ncha yake ya chini imekaa juu ya sakafu yenye unga wa mbao, ambao huteleza, na ncha ya juu haijashikwa na kitu.

Niliwahi kuona jambo hilo kwa karibu katika karakana niliyokuwa nikishirikiana na mafundi wengine. Mwenzetu mmoja alipita na ubao mrefu begani, mkia wa ubao ukagusa reli iliyokuwa imeegemea, nayo ikashuka kwa ubavu na kuipiga kona ya meza ya chuma. Tuliiokota, tukaitazama kwa urefu wake tukifumba jicho moja, na ilionekana imenyooka. Mwenye reli akaiweka juu ya plaiwudi, akaingiza msumeno, na msumeno ukasimama baada ya kiasi cha shibiri moja. Mbavu ilikuwa imekunjwa mahali padogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na kitako cha msumeno kilichotengenezwa kuikumbatia bila kucheza kilikataa kupita hapo. Sehemu hiyo ya mbavu ilisawazishwa kwa kuisugua kwa tupa laini, kidogo kidogo, msumeno ukijaribiwa kila baada ya misuguo michache, kwa kuwa tupa ikizidi huacha mahali ambapo msumeno utalegea badala ya kukwama. Reli ile ilirudi kazini. Ila tulipoipima siku iliyofuata, tuligundua pia kwamba ilikuwa na mpindo wa kama nusu milimita karibu na katikati, ambao jicho halikuuona kabisa.

Ndiyo maana napenda kuanza na swali la mahali reli inapokaa wakati haitumiki, kisha kurudi kwenye mambo mengine. Na kanuni ya kwanza niliyojiwekea haihusu alumini hata kidogo. Mahali pa kuweka reli pawe rahisi kufikika kuliko ukuta ulio karibu. Nimeona rafu nzuri, zenye vitambaa na milango, ambazo zilibaki tupu mchana kutwa kwa sababu zilikuwa upande wa pili wa karakana, na fundi aliyemaliza mkato mmoja na anayejua kwamba atakata mwingine baada ya robo saa hatavuka chumba chote akiwa amebeba kitu cha mita 3. Ataegemeza ukutani, nami ningefanya vilevile. Kwa hiyo nilianza kwa kutazama ni wapi mikono inakoelekea yenyewe baada ya mkato, yaani ukuta ulio mkabala na meza ya kukatia, na hapo ndipo nilipofunga vishikizo.

Kwa reli fupi, zile za milimita 800 hadi 1500 hivi, hakuna njia inayoshinda kutundika. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tundu karibu na ncha moja kwa kazi hiyo, na reli inayoning'inia wima haina uzito wowote unaoivuta kwa ubavu. Mambo mawili tu ndiyo yanayohitaji kuangaliwa. Kigingi kiwe cha mbao au kiwe kimevikwa mpira, kwa kuwa skrubu tupu yenye nyuzi hulila tundu la alumini na kuacha vipande vyenye ncha kali. Tena ncha ya chini iwe na kizuizi kidogo, hata kipande cha ubao chenye mwanya, ili reli isiyumbe na kugongana na jirani yake kila mlango unapofunguliwa kwa upepo. Mtu akitundika reli kadhaa, aziache na nafasi ya kutosha kati ya moja na nyingine ili kuchukua ya nyuma kusilazimu kuondoa ya mbele. Nafasi hiyo ikikosekana, ya mbele ndiyo itakayoegemezwa ukutani kwa muda, na ule muda ndio unaoleta ajali.

Reli ndefu ndizo zilizonisumbua. Reli ya milimita 2700 au 3000 ikitundikwa wima inahitaji dari refu, na mtu anayejaribu kuifikisha kwenye kigingi kilicho juu ya kichwa chake ana nafasi kubwa ya kuigonga kwenye taa. Nililazimika kuilaza kwa urefu ukutani. Hapo ndipo nilipopata fundisho ambalo sikulitarajia kutoka kwenye kitu rahisi namna hiyo, nalo ni kwamba reli ina tabia mbili tofauti kabisa kulingana na inavyolazwa. Ikilala ubapa, kinachobeba uzito ni unene mdogo wa bati pamoja na mbavu zake, na hulegea. Ikisimamishwa kwa ubavu, yaani ikae juu ya ukingo wake wa nyuma na ukanda wa kukatia uelekee juu, kinachobeba uzito ni upana wake wote, ambao kwa reli nyingi hukaribia milimita 180 au 190, na hapo haitikisiki. Nilitengeneza vishikizo viwili vya plaiwudi nene, kila kimoja kikiwa na mianya ya wima yenye upana wa kama milimita 25, nikavifunga ukutani kwa usawa wa kifua, nikabandika vipande vya zulia kuukuu ndani ya kila mwanya ili alumini isisuguane na mbao iliyo na vumbi.

Vishikizo hivyo sikuviweka kwenye ncha. Wapima urefu wanajua tangu zamani kwamba fimbo iliyoshikwa mahali pawili hulegea kidogo iwezekanavyo pale vishikizo vinapokuwa takriban asilimia 22 ya urefu wake kutoka kila ncha. Kwa reli ya milimita 3000 hiyo ni kama milimita 660 kutoka kila upande, na kwa ya milimita 1400 ni kama milimita 310. Kwa reli inayosimama kwa ubavu hesabu hiyo haina ulazima, nakiri, lakini haigharimu chochote kuifuata, na inaleta faida nyingine ambayo ni kubwa zaidi kwa kazi ya kila siku: reli inayozidi vishikizo kwa pande zote mbili inashikika kwa mikono miwili bila vidole kubanwa, na inainuliwa ikiwa sawa badala ya kuvutwa kwa ncha moja.

Mpangilio huo wa kusimamisha kwa ubavu haufai kwa kila reli. Zipo reli, kama zile za DeWalt, zenye ukanda wa ukingo pande zote mbili, kwa kuwa msumeno unaweza kutembea juu yake kutoka upande wowote. Ukizisimamisha, ukanda mmoja utabeba uzito wote na baada ya miezi utakuwa umejikunja. Hizo hutundikwa, au hulazwa ubapa juu ya rafu yenye kina cha kutosha, tepe za sponji zikiwa chini na kingo zote mbili zikining'inia hewani bila kugusa kitu. Na ubapa huo uwe wa rafu nzima, ya ubao mmoja ulionyooka, kwa sababu rafu ya namna hiyo huvutia vitu. Leo ni penseli, kesho ni kopo la skrubu, mwisho wa juma ni mabaki ya plaiwudi yaliyowekwa juu ya reli kwa vile palikuwa na nafasi. Uzito wa reli yenyewe hauipindi. Uzito wa mabaki ya mbao yaliyolundikwa upande mmoja unaweza.

Sasa niseme juu ya ukanda wa ukingoni, kwa maana hapo ndipo pesa nyingi na uvumilivu mwingi hupotea. Ukanda huu ni laini kwa makusudi, na umeshikiliwa kwa gundi peke yake. Maadui wake ni joto, kubanwa kwa muda mrefu, vimiminika visivyofaa na msumeno wa mtu mwingine.

Joto huuathiri kupitia gundi. Reli iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani hupata joto la kutosha kulainisha gundi, na ukanda uliokuwa umebanwa na kitu kingine husogea milimita moja au mbili na kukaa hapo gundi inapopoa. Macho yanaweza yasione tofauti, lakini mkato unaofuata utaondoa sehemu iliyojitokeza na kuacha pengo mahali pengine, na kutoka hapo ukanda hauonyeshi tena mstari wa diski kwa reli nzima. Alumini yenyewe hutanuka kwa joto pia, kiasi cha sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo reli ya mita 3 ikipanda nyuzi 20 huongezeka urefu kwa karibu milimita 1.4. Kurefuka huko hakuna madhara kwa mkato mradi reli nzima imepata joto sawasawa. Tatizo ni reli ambayo upande mmoja uko juani na mwingine kivulini, kwa kuwa upande uliopata joto hurefuka kuliko mwenzake na reli ikainama kidogo hadi ipoe. Nimejizoesha kuileta reli ndani mapema na kuiacha ipate joto la chumba kabla ya mkato wowote unaohitaji usahihi.

Kuhusu kubanwa, kosa linaloonekana sana ni kuzipakia reli mbili zikitazamana kwa tumbo, sponji kwa sponji, zikafungwa kwa kamba kwa nguvu. Inaonekana busara, kwa kuwa pande laini zinalindana. Lakini sponji iliyobanwa kwa majuma hubaki imelala, na reli yenye sponji iliyolala huanza kuteleza juu ya mbao zilizopakwa plastiki, jambo ambalo mtu huligundua katikati ya mkato, wakati usiofaa kabisa. Nikilazimika kuzifunga pamoja, naweka ubao mwembamba katikati, mwembamba kuliko upana wa reli ili kingo zenye ukanda zibaki hewani, na kamba naikaza kiasi cha kuzuia mtikisiko tu. Ukanda uliokwisha kujikunja wakati mwingine hunyooka ukilazwa juu ya ubao sawa na kuwekewa uzito usiku kucha mahali penye joto kidogo. Ukishakatika au kuchanika hautengenezeki, hubadilishwa, na kazi ya kubadilisha ina hatua moja ambayo haifai kuharakishwa, nayo ni kusafisha mabaki ya gundi ya zamani. Spiriti kwenye kitambaa, kwa subira, huyatoa. Thina ya rangi huyatoa upesi zaidi, lakini ikichuruzika hufika kwenye tepe za sponji na za plastiki na kuzilainisha, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya siku nzima.

Kuna jambo la msumeno wa mtu mwingine. Reli za Festool na za Makita zina mbavu zinazokaribiana mno kwa umbo hivi kwamba msumeno wa mmoja hutembea juu ya reli ya mwingine, na karakana zenye mafundi wengi hufurahia hilo. Lakini kukaa juu ya mbavu moja hakumaanishi kwamba diski inapita mstari mmoja. Umbali wa diski kutoka kwenye mbavu hutofautiana kidogo kati ya msumeno na msumeno, hata ndani ya chapa moja, na hutofautiana pia mtu anapobadilisha diski kwa nyingine yenye unene tofauti au anapokaza upya vile vikaza vya kitako, vinavyokizuia kisicheze juu ya mbavu. Msumeno unaopita ndani zaidi hukata ukanda na kuurudisha nyuma, na mwenye reli anaporudi na msumeno wake anakuta pengo kati ya ukanda na diski, mbao zikichanika na mstari ukiwa si mstari tena. Katika karakana yetu kila reli iliandikwa kwa wino kwenye ncha, upande wa chini, ni ya msumeno upi, na mwanya wake kwenye kishikizo ukaandikwa vivyo hivyo. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwetu aliniuliza, "Fundi, hii si alumini tu, kuna ubaya gani nikichukua yoyote?" Sikumjibu kwa maneno. Nilimpa reli isiyo ya msumeno wake na kipande cha ubao uliopakwa plastiki nyeupe, nikamwambia akate. Aliutazama ukingo uliochanika, akapitisha kidole, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwakumbusha wengine.

Vumbi nalo ni sehemu ya utunzaji, ijapokuwa watu hulihesabu kama usafi. Unga wa mbao ukichanganyika na tone la gundi iliyodondoka hukauka juu ya mbavu na kuwa uvimbe mdogo mgumu. Msumeno hukwama hapo, na fundi, badala ya kuukwangua uvimbe kwa kipande cha mbao ngumu, hulegeza vikaza vya kitako. Msumeno unapita sasa, ila unacheza kwenye urefu wote uliobaki, na mkato unayumba bila mtu kujua kwa nini. Kwa hiyo reli hairudi ukutani kabla ya kufutwa kwa kitambaa kikavu juu na chini, na sponji hupitishiwa mashine ya kufyonza vumbi. Mbavu ikikataa kuteleza vizuri, nta kavu kidogo inatosha. Mafuta siyapaki kamwe, kwa sababu hushika vumbi na kisha huhamia kwenye ubao, na mahali palipoguswa na mafuta vanishi haishiki.

Kazi za nje ya karakana zina sheria zake. Kule reli hukutana na saruji, na hili halijulikani kama linavyostahili. Alumini haipati kutu kama chuma, na ganda lake la oksidi huilinda vizuri dhidi ya maji ya kawaida, lakini saruji mbichi na chokaa ni za asili ya alkali, na alkali hulila ganda hilo na kisha alumini yenyewe. Reli iliyolazwa juu ya sakafu iliyomwagwa karibuni, au iliyorukiwa na mchanganyiko wa plasta, hubaki na mabaka meupe yenye mikwaruzo yasiyotoka. Yakiwa kwenye mbavu, msumeno huyahisi kila unapopita. Dawa ni kuosha kwa maji mengi papo hapo na kukausha, tena dawa bora ni kutoilaza chini kabisa.

Kwa usafiri nimejaribu mfuko wa kitambaa na nimejaribu kasha la plaiwudi, na hukumu yangu ni kwamba mfuko hulinda dhidi ya mikwaruzo na vumbi, basi. Kitu kizito kikiteleza ndani ya gari, mfuko hauzuii lolote. Kasha jembamba la plaiwudi la milimita 9, lenye ukubwa wa kutosha reli mbili zisimame kwa ubavu na kipande cha sponji ngumu kila ncha, ni zito na linakera kubeba, lakini tangu nilipoanza kulitumia sijawahi kuishusha reli ikiwa na kona mpya iliyopondeka. Ncha ndizo zinazopaswa kupewa ulinzi mkubwa zaidi kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ndizo zinazogusa kwanza kitu chochote reli inapoingizwa mlangoni au garini. Reli isiyo na kasha ifungwe juu ya ubao ulionyooka wenye urefu sawa nayo, na kamba ipite juu ya vyote viwili. Kuifunga peke yake juu ya gari kwa kamba iliyokazwa katikati ni kuikaribisha ipinde.

Wengi huukwepa usumbufu wa reli ndefu kwa kuunganisha mbili fupi. Bamba kamili la plaiwudi lina milimita 1220 kwa 2440, na reli mbili za 1400 zikiungwa hufikia 2800, urefu unaotosha msumeno kuingia na kutoka ukiwa tayari juu ya reli. Nimefanya hivyo sana na sina la kulaumu, mradi mambo mawili yazingatiwe. Reli zisisukumwe zikabanana ncha kwa ncha, kwa kuwa ncha za kiwandani hazikukatwa kwa pembe ya mraba iliyo kamili kiasi cha kutegemewa, bali ziachwe na mwanya wa unene wa kadi na zinyooshwe kwa rula ndefu ya chuma kwenye ukingo wa nyuma ndipo skrubu zikazwe. Skrubu zenyewe zikazwe kwa vidole viwili juu ya spana, kwani zikizidishwa huchimba alumini ndani ya mfereji na kuacha vishimo ambavyo siku nyingine vitazivuta pembeni. Zaidi ya hapo, reli zilizoungwa hazihifadhiwi zikiwa zimeungwa. Ukiiinua kwa ncha moja, uzito wote wa nusu ya pili hukaa kwenye kiungo, na midomo ya mfereji hupanuka. Zitenganishwe kila jioni, na vyuma vya kuungia vikae kwenye mfuko mdogo uliofungwa kwenye kigingi kilekile cha reli, la sivyo vitatafutwa.

Upimaji ninaoufanya baada ya kila safari ndefu au kila anguko ni huu. Nachora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri juu ya ubao mpana nikifuata ukingo wa nyuma wa alumini, wala si ukanda, kisha naizungusha reli nusu mzunguko ili ukingo uleule ukae upande wa pili wa mstari na ncha zibadilishane, nachora tena. Kama mistari miwili inaachana katikati, kosa halisi la reli ni nusu ya nafasi hiyo. Njia hii ina upofu mmoja: mpindo wa umbo la S hauonekani, kwa kuwa ukizungushwa hujilalia wenyewe. Kwa hiyo nikiwa na shaka hukata mbao mbili kwa reli ileile na kutoka upande uleule, naigeuza moja uso chini bila kubadilisha ncha, na kukutanisha kingo zilizokatwa. Hapo kila kosa hujionyesha likiwa mara mbili, liwe la upinde au la S. Kusokoteka hupimwa kwa kuilaza reli juu ya meza iliyo sawa na kubonyeza pembe moja baada ya nyingine, kusikiliza kama inagonga.

Reli iliyothibitika kuwa imepinda haifai kunyooshwa kwa kukanyagwa au kubanwa kwenye jiliwa. Nimewaona waliojaribu, na walichopata ni mipindo miwili mahali pa mmoja. Mara nyingi hata hivyo mpindo uko eneo fupi, na sehemu iliyobaki ni nzima. Reli ile iliyoanguka katika karakana yetu hatimaye ilikatwa kwa diski ya meno ya kukatia alumini, kwa mwendo wa taratibu na klampu pande zote mbili, sehemu yenye mpindo ikaondolewa, kingo mpya zikapigwa tupa hadi zikawa laini na ukanda ukakatwa usawa wake. Kilichobaki kilikuwa na urefu wa kutosha kukata milango ya kabati kwa upana, kikatobolewa tundu jipya kwenye ncha na kutundikwa kwenye kigingi kilicho karibu zaidi na meza.